Euro Moja ya Shangazi

Ukifanya kazi ya boti Malindi, Kiitaliano hukuingia upende usipende. Hakuna darasa. Unakaa ufuoni, unawasikia wageni wakigombana na wake zao juu ya mafuta ya jua, na msimu ukiisha unajikuta unahesabu samaki kwa lugha ya watu. Mji wenyewe umezoeana na Waitaliano tangu zamani: wana hoteli, wana piza, wana gelato, na kule Ngomeni waliwahi kurusha setilaiti kutoka baharini. Mwenye kibanda cha nyanya anakutajia bei kwa Kiitaliano kabla hajakuangalia usoni. Ule mchanga unaoibuka maji yakitoka, upande wa Mayungu, siku hizi unaitwa Sardegna Due, na huko ndiko ninakopeleka watu wakaoge, wale, waungue jua, walipe.

Basi binti ya shangazi yangu, ambaye yuko Roma akimtunza ajuza mmoja, alipomtumia mamake barua ya mwaliko, kikao cha ukoo hakikumaliza hata chai. Nani atamsindikiza mama? Yule anayejua lugha. Mambo ya viza siyasimulii. Aliyeyapitia anayajua, na ambaye hajayapitia hataamini.

Kiitaliano changu sikidharau, lakini ni cha boti. Naweza kusema bahari leo imetulia. Naweza kuapa kwamba samaki huyu asubuhi alikuwa hai. Naweza kumwambia mtu ashike vizuri, mawimbi yanakuja. Na kuna sentensi moja ninayoitamka kwa ufasaha hadi Mroma mwenyewe anageuka kuangalia nani kasema: "Tutto compreso, anche l'aragosta." Maana yake bei ni ya kila kitu, hata kamba mawe yumo. Sentensi hiyo ndiyo inayolipa karo ya watoto wangu.

Shangazi naye hakwenda Roma kuona Koloseo. Alikwenda kuona mkono.

Mkono wenyewe ni wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Sisi Malindi tunacho kikanisa cha zamani cha Wareno, kimeezekwa makuti, kina makaburi pembeni na bahari mbele, na Wakatoliki wote wa mji wanajua kwamba padre huyo alitia nanga kwetu mwaka 1542 akielekea India. Alimzika pale mtu mmoja aliyefia chomboni. Halafu aliandika barua kwa wenzake, akasimulia jinsi mzee mmoja Mwislamu wa Malindi alivyomlalamikia kwamba mji una misikiti 17 lakini inayosaliwa ni 3 tu. Shangazi anaipenda barua hiyo kuliko nyaraka zote za Mtume Paulo. Kila Jumapili mabenchi yakiwa matupu utamsikia: "Mnaona? Uvivu wa ibada haukuanza leo. Umeandikwa."

Sasa Ksaveri alifariki 1552 kwenye kisiwa karibu na China, mwili ukapelekwa Goa, na mwaka 1614 Wajesuiti, shirika lake la watawa, wakaagiza mkono wake wa kulia, ule aliobatizia maelfu, ukatwe upelekwe Roma. Uko hadi leo katika kanisa lao kuu, Gesù. Na si kwamba umetulia. Mwaka 2018 ulipelekwa Kanada kuzungushwa mji kwa mji, na kwenye ndege ulikatiwa kiti chake peke yake. Shangazi alisomewa habari hiyo siku tuliyorudishwa kwenda kuleta karatasi za benki, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mkono mtupu umepewa kiti. Mimi mzima nina miguu na kila kitu, naulizwa nina shilingi ngapi."

Siku ya siku, binti yake alikuwa kazini. Akatuelekeza kwa simu: shukeni basi pale, ingieni kwanza kanisa la Mtakatifu Inyasi, liko njiani na ni zuri, halafu mtembee kidogo mtaiona Gesù. Ilikuwa Julai. Joto la Roma halina adabu, maana halina upepo wa bahari wa kuliombea msamaha. Mimi nilivaa kaptula, nguo yangu ya kazi na ya sherehe pia.

Mlangoni pa kanisa la Mtakatifu Inyasi mtu mmoja aliyatazama magoti yangu kwa masikitiko. Hakusema kitu. Alionyesha magoti, akaonyesha barabara.

Nilikuwa nimeshaanza kumpa maelezo ya hali ya bahari pale Shangazi alipofungua mkoba. Shangazi hasafiri bila leso. Akaitoa, akaikung'uta, akanizungushia mwenyewe kiunoni huku watalii wakipita kushoto na kulia. Nataka nieleweke hapa: Pwani mwanamume kujifunga kikoi ni jambo la kawaida kabisa, utaenda nacho msikitini, sokoni na kwa wakwe. Leso ni habari nyingine. Leso hii ilikuwa nyekundu yenye mikorosho myeusi, na jina lake lilikaa sawasawa kwa nyuma, mahali pa kusomeka vizuri: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

"Shangazi, hili jina..."

"Nani atalisoma huku? Tembea."

Ndani, ubishi wetu uliisha wenyewe. Kanisa lile ni kubwa na limepakwa rangi dari zima, watu wanaelea juu mawinguni, nguzo zinapanda mpaka hujui jiwe limeishia wapi na picha imeanzia wapi. Karibu na altare kuna kuba, limechongeka ndani kwa vijisanduku, lina nguzo, lina mwanga wake kileleni. Shangazi alilitazama kwa muda mrefu, mikono kifuani. Akasema kazi ya Mungu ikifanywa na watu wenye pesa inapendeza.

Nami, kwa kuwa nilitumwa kama mjuzi wa lugha, nikaenda kusoma kibao. Nikakisoma tena. Nikarudi.

"Shangazi, hilo kuba halipo."

"Halipo wapi?"

"Hapo juu. Ni bapa. Ni kitambaa kimechorwa."

Alinitazama jinsi anavyomtazama muuza samaki anayesema bei haipungui. Lakini ndivyo kilivyo. Kanisa lilianza kujengwa 1626, na walipofika mahali pa kuba, hawakulijenga. Sababu inayotajwa zaidi ni pesa. Wengine husema majirani walikataa kutiliwa kivuli. Mwaka 1685 bradha mmoja Mjesuiti, Andrea Pozzo, akachukua kitambaa chenye upana wa mita 17, akachora kuba ndani yake kwa hesabu za macho, likapandishwa na kutundikwa hapo, na dunia nzima hadi leo inakunja shingo. Sakafuni kuna kiduara cha marumaru. Ukisimama juu yake kuba limenyooka. Ukivuka hatua chache, linaanza kwenda upande.

"Harambee haikutosha," alisema Shangazi taratibu, jambo likimwingia. Akasimama kwenye kiduara. Akasonga mbele, kuba likalala. Akarudi, likanyooka. Akasonga tena akiwa analikodolea macho bila kupepesa, nadhani alitaka alikamate linapogeuka. Akamgonga Mjapani. Akaomba radhi kwa Kigiriama. Kisha akaja kwangu amevimba.

"Kwa hiyo nimevunja shingo yangu kwa ajili ya turubai."

Ili kumtuliza nikampeleka kwenye kioo. Katikati ya kanisa kuna kioo kimelazwa, vijana wamepanga foleni kujipiga picha ili dari ionekane nyuma ya vichwa vyao. Kando yake kuna kisanduku: unatia sarafu, taa za juu zinawaka. Zamu yetu ilipofika nilitia, kweli taa zikawaka, dari likajitokeza lote kwa rangi zake, Shangazi akajiona yuko mbinguni amevaa kilemba. Kabla hajapanga uso vizuri, taa zikazimika.

"Imekata," nikamwambia.

"Kama ile simu ya kibanda pale posta," akasema. "Pesa ikiisha, na wewe umeisha." Akafungua kibeti akahesabu sarafu alizobaki nazo. Nilipaswa kuliona jambo hilo likiingia kichwani mwake na kuketi, lakini nilikuwa nahangaika na fundo la leso.

Kutoka hapo hadi Gesù ni mwendo wa dakika chache, tena kivulini. Kwa nje Shangazi hakutishika. Uso wa kanisa ni wa jiwe la rangi ya mchanga, kazi ya msanifu Giacomo della Porta, na kanisa lenyewe lilitabarukiwa 1584. Kwetu, nilimwambia, ndipo Wareno walikuwa bado wanakaa Malindi, hata Ngome ya Yesu ya Mombasa haijaanza. Akanijibu kwamba alitaka mkono, hakutaka hesabu.

Lakini pale ndani mtu huwezi kwenda moja kwa moja kwenye mkono. Kwanza dari linakushika ukosi. Alilichora Baciccia, akalimaliza 1679, na huyo hakuridhika kukaa ndani ya fremu. Watu wake wanamwagika nje. Wema wanapanda kwenye mwanga wa jina la Yesu, waovu wanaporomoka kichwa chini, miguu na mbawa zimepita ukingo wa dhahabu na kutia kivuli cheusi kwenye dari la kweli. Kuna mmoja ameanguka vibaya mpaka mimi nilisogea nisiwe chini yake.

Shangazi hakusogea. Alikuwa ameshatapeliwa mara moja siku hiyo, na mtu wa Malindi hatapeliwi mara mbili. Akaikaribia nguzo ya kwanza akaigonga kwa kidole.

"Hii nayo turubai?"

"Shangazi, hilo jiwe."

Akaenda ya pili, akaigonga. Kengele ya tahadhari ikamlia bawabu wa kanisa kichwani, nilimwona akisimama. Nikamshika Shangazi mkono nikamgeuzia upande wa kushoto, ambako watu wengi walikuwa wameketi kwenye mabenchi wakielekea altare moja ya pembeni, simu mkononi, wametulia. Nikadhani ni rozari.

Altare hiyo ni ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti. Masalia yake yamo humo humo ndani. Nimeona mali katika maisha yangu, nimebeba wageni wenye saa za bei ya boti langu, lakini mali ya namna ile sijaiona. Nguzo nne ndefu, za buluu nzito ya jiwe la lapisi lazuli, zenye mistari ya dhahabu. Masanamu ya marumaru kila upande, haya yanapigana na uzushi, yale na ibada ya sanamu. Juu kabisa tufe kubwa la dunia, la buluu hiyo hiyo. Na katikati, picha kubwa ya mtakatifu. Mbele yake uzio mfupi wa shaba, wenye vitoto vya malaika vimeshika vinara.

Nyuma yetu nikasikia kicheko cha kujibanabana. Nikageuka. Sista mmoja mweusi, mwenye sketi ya kijivu na mkoba wa kusokotwa, alikuwa anajifuta machozi.

"Baba, unisamehe," akasema. "Ile maandiko iko nyuma yako, nani alikuandikia?"

Mkongo wa Bukavu! Katika Roma yote, Mungu akachagua mtu mmoja anayejua kusoma leso, akamkalisha nyuma ya makalio yangu. Shangazi alifurahi mno. Wakaamkiana, wakaulizana habari za watoto wa watu wasiowajua, na Shangazi akamshtakia habari ya kuba.

"Hapa ni pazuri, lakini hapa nako ni vilevile," sista akamwambia, bila kujua anamwagia petroli. "Ile tufe ya buluu kule juu, watu walikuwa wanasema ni jiwe moja, kubwa kuliko yote ya dunia. Hapana. Ndani ni chokaa, wamebandika lapisi kwa juu."

"Aha."

"Na hata mtakatifu mwenyewe. Alikuwa wa fedha, kazi ya Mfaransa anaitwa Pierre Legros. Napoleon akawashinda, Papa Pius wa Sita akatakiwa kulipa, ile fedha ikayeyushwa. Yule iko sasa ni plasta, wamemvalisha fedha kwa juu."

Shangazi akaitazama ile picha kubwa ya altareni. "Plasta gani? Huyo ni picha."

Sista akatabasamu tu, akatazama saa yake. "Mungoje kidogo, mama."

Shangazi si mtu wa kungoja. Alitaka picha ya kupeleka kwa kina mama wa jumuiya, mimi nikiwa mbele ya altare, kuthibitisha kwamba tulifika kwa miguu yetu. Akashika simu kwa mikono miwili, akanyoosha mbele, akarudisha kichwa nyuma.

"Rudi nyuma. Rudi, mwanangu. Tena. Miguu haitokei."

Nikarudi. Nikarudi hadi nikasikia shaba ya baridi mgongoni mwa mapaja. Kitoto kimoja cha malaika kilikuwa kimenigusa kiunoni kabisa. Nikanyoosha shingo, nikaweka uso wa pasipoti.

"Giza," akasema Shangazi. Akashusha simu. Akatazama huku na huku, na macho yake yakatua kwenye kisanduku cha chuma kilichosimama karibu na nguzo, chenye mwanya juu. Kilikuwa kisanduku cha sadaka, kimeandikwa hivyo kwa lugha zisizopungua nne. Shangazi hakusoma. Alishajifunza sheria ya mji. Akatoa euro moja, akainua ili nione kwamba anagharimika, akaitumbukiza.

Ikagonga chini: kling.

Taa za kanisa zikazimika.

Sikuwa na nafasi ya kusema neno. Muziki ulipasuka kutoka kila upande, kwaya na vinanda na tarumbeta, kwa sauti niliyoihisi kwenye meno. Kisha sauti nzito ya mwanamume, kutoka juu, ikaanza kuzungumza Kiitaliano polepole, na Kiitaliano hicho hakikuwa cha boti. Mwanga ukapiga nguzo moja. Ukapiga sanamu. Ukanipiga mimi. Nikamtazama Shangazi, mdomo wake ulikuwa wazi na macho yake yalitazama juu ya kichwa changu. Nikageuza shingo.

Ile picha ilikuwa inazama.

Picha nzima, na fremu ya mawingu yake, na mtakatifu ndani yake, ilikuwa inateremka taratibu kwenda chini ya altare, na juu, pale ilipokuwa, pakafunguka tundu jeusi lenye kitu kinachong'aa ndani.

"Yesu na Maria!" Shangazi akapiga kelele. "Nimeivunja!"

Mtu wa bahari anajua kitu kimoja: chombo kikizama, toka. Nikatoka. Mwili wangu uliondoka mara moja, kwa kasi nzuri, ila leso haikuja nami. Kitoto cha malaika kilikuwa kimeidaka kwa kinara chake, na fundo la Shangazi, ambalo nilikuwa nimelilegeza tangu asubuhi nipate kupumua, likaachia. Nilifika hadi benchi ya tatu ndipo nikahisi upepo magotini.

Nyuma yangu watu wakaguna kwa pamoja, ule mguno wa watazamaji walioridhika. Nikageuka. Picha ilikuwa imeshazama yote. Ndani ya tundu alikuwa amesimama Mtakatifu Inyasi, mkubwa, wa fedha, amenyoosha mkono, kanzu yake imejaa vito, taa zote zimemwelekea. Na mbele yake, imetandazika vizuri juu ya uzio wa shaba, ukingo wa jina umenyooka kana kwamba umepigwa pasi, nyekundu, ndani ya mwanga huohuo: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

Sista wa Bukavu aliinama kwenye benchi. Nilidhani amezirai. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Simu zote zilikuwa juu. Watu walipiga picha kwa bidii, wakakuza kwa vidole, mmoja akanionyesha gumba. Nina hakika kwamba mpaka leo, mahali fulani Korea au Brazili, kuna familia inayoamini kwamba Wajesuiti huonyesha mtakatifu wao pamoja na kitambaa kitakatifu chenye maandishi ya kale.

Bawabu akaja. Hakuja mbio, kwa kuwa muziki ulikuwa bado unaendelea, lakini alikuja kwa zile hatua ndefu za mtu anayeahirisha hasira. Alisimama mbele yangu akaninong'oneza maneno mengi, nikashika mawili: uzio, na magoti. Ilinibidi nijibu. Nilitaka kumwambia kwamba tunaomba radhi, kwamba mama huyu ni mgeni, kwamba euro tutalipa nyingine wakitaka ili picha irudi. Nikaufungua mdomo, na Kiitaliano kikatoka chenyewe, kwa lafudhi safi, kile kilichozoea kutoka mtu mwenye hasira akisimama mbele yangu:

"Tutto compreso. Anche l'aragosta."

Pakawa kimya kati yetu, ingawa kwaya ilikuwa imefika kwenye aleluya. Yule mtu alinitazama usoni, akashuka hadi kwenye kaptula, akapanda tena.

"Malindi?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Uso wake ukafunguka. Akanishika bega, akaniuliza mambo kwa haraka: ule mgahawa wa pale ufukweni bado upo? Na mchanga wa Sardegna Due? Kisha akatazama nyuma asiwepo padre karibu, akasogea sikioni, akauliza bei siku hizi ni ngapi. Nikamtajia. Akasema imepanda. Nikamwambia mafuta ya boti. Akaenda mwenyewe akaitoa leso kwenye kinara, kwa uangalifu mkubwa, akaikunja pembe kwa pembe, akaniletea.

Muziki ulipoisha na taa za kawaida kurudi, sista alimkalisha Shangazi akamweleza yote kwa utulivu. Kwamba mashine ile ilitengenezwa na Wajesuiti wenyewe zaidi ya miaka 300 iliyopita, watu washangae na mioyo yao isogee. Kwamba altare yote ni kazi ya Andrea Pozzo, aliyoianza 1695.

"Yule wa turubai?" Shangazi akauliza.

"Huyohuyo."

"Nilijua."

Na kwamba, sista akaendelea, picha inashuka kila siku saa kumi na moja na nusu jioni, mtu atie sarafu, asitie. Watu wote hawa walikuja kwa ajili hiyo.

Shangazi alimsikiliza kwa heshima, maana ni sista. Kisha akamuuliza, "Picha imeshuka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu."

"Na mimi nimetia euro yangu saa ngapi?"

Sista akanitazama. Nikatazama dari, wale wanaoporomoka.

"Basi," akasema Shangazi. Akafungua mkoba akatoa kipande cha pili, maana leso ni pea, akaviweka vyote viwili mapajani pa sista. "Ya kwako hii. Huku watu hawajui kuisoma, wataiharibu tu." Kwa hiyo nilivuka kanisa la Gesù kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia nikiwa na magoti yangu yote nje, na bawabu akageuka akaanza kupanga mishumaa iliyokuwa imeshapangwa.

Mkono uko pale upande wa pili, altare ya Ksaveri, ndani ya chombo cha dhahabu chenye kioo. Ni mkavu, mweusi, mdogo kuliko nilivyotarajia. Shangazi hakuugonga. Alipiga magoti akaongea nao Kigiriama kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu aliyemkuta jamaa mjini. Nilimsikia akiupa habari za kikanisa, kwamba makuti yamebadilishwa, kwamba bahari imesogea, kwamba yule maiti uliyetuachia bado tunaye. Akautajia wagonjwa kwa majina. Akaulaumu kidogo kwa kupita tu bila kukaa. Na mwisho akauambia habari za mabenchi matupu, kirefu, na nikasikia namba 17 na 3 zikitajwa.

Kesho yake binti yake alikuwa na nafasi, akatupeleka kanisa jingine, dogo, mtaa anaoishi, nalo la zama zilezile, lenye dari la mawingu na malaika. Tulipomaliza kusali tukamkosa Shangazi. Tukamkuta amesimama peke yake mbele ya altare ya pembeni, karibu na kisanduku, mikono kiunoni, anatazama picha ya Bikira Maria bila kupepesa.

"Mama, twende," binti yake akamwambia.

"Ngoja. Nimetia euro mbili."

Tukangoja. Bikira Maria hakushuka. Mzee mmoja anayefagia akatukaribia kuuliza kama tunahitaji msaada, na kabla sijamzuia Shangazi alishamwonyesha kisanduku, akaonyesha picha, akaonyesha chini, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mteja. Binti yake akatafsiri kwa aibu. Yule mzee akaeleza kwamba hapana, sinyora, hicho ni kisanduku cha michango ya kukarabati kuba, limeanza kuvuja.

Shangazi alipotafsiriwa, aliinua macho. Alitembea hadi katikati ya sakafu, akalitazama kuba. Akasogea hatua tatu mbele, akalitazama. Akarudi nyuma tatu, akalitazama tena, jicho moja amelifumba.

"Mwambie apande ngazi aligonge kwanza," akasema. "Likilia jiwe, sidai chenji."